Kwa Mama Yusta, Kuhusu Umeme wa Hospitali na Yale Uliyoyasahau

Nachingwea, Jumapili ya pili ya Julai. Leo ni miezi tisa na siku kumi tangu nikuache stendi ya Laela, umejifunga kitambaa cha bluu kichwani, ukinikumbusha sweta na mimi nikicheka kwamba huku ninakokwenda sweta ni mzigo tu.

Mpendwa mke wangu, Mama Yusta,

Uliponipigia Alhamisi laini ilikatika mara tatu, lakini nilisikia yote. Usingizi umeanza kukukimbia tena. Uji umekuwa kama udongo mdomoni. Daktari amesema mnaweza kurudia ile tiba ya umeme, amekupangia na siku, lakini ukoo unataka kukaa kikao kwanza. Kaka Deus, kaka yangu mkubwa, amesema safari hii haitapita. Kisha ukaniambia, "Baba Yusta, kila mtu ananisimulia ugonjwa wangu kivyake. Mimi sikumbuki. Niandikie wewe, hata mabaya, nijue ninaamua nini."

Basi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ina malengelenge ya sururu, naandika. Niliishia darasa la saba, mwandiko unaujua. Ukimaliza kusoma peke yako, mpe kaka Deus aisome kwa sauti mbele ya kikao chote. Sauti yake ni kubwa na sitaki barua hii iwe ya siri.

Nianze na zuri. Uliwahi kuniuliza kama kweli tulikwenda Muze, kule bondeni. Tulikwenda, mwaka wa pili wa ndoa yetu, kununua mchele. Tulitoka huko kwetu juu tumevaa masweta. Lori liliposhuka ule mteremko, breki zikinuka, ulivua sweta, ukavua na soksi, ukasema tukiendelea kushuka utabaki na rozari tu. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anauza mchele akakutania, "Ninyi watu wa juu mnanuka moshi na baridi." Ukamjibu hapo hapo, "Na ninyi wa huku chini mmeiva kama viazi, bado chumvi tu." Alicheka mpaka akakuongezea kisado kizima cha mchele. Huyo ndiye Mama Yusta niliyemwoa. Kama umemsahau, mchukue hapa.

Sasa ugonjwa. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja mwezi wa tatu, wakati wa kuandaa ntumba. Kwa kufukia majani na kuyainua yawe vichuguu vya kupandia maharage, pale kwetu hakuna aliyekushinda. Mistari yako ilinyooka, wapita njia wakisimama kuitazama. Asubuhi moja nilikukuta umesimama shambani umeshika jembe, na jua lilipopanda ulikuwa bado umesimama vile vile, hujapiga hata moja. Nilikufokea. Nilikuuliza kama siku hizi umekuwa mvivu. Hilo la kukufokea ni baya la kwanza.

Baadaye uliacha kula, ukaacha kuoga, ukaacha kusema. Hospitali walisema ni sonona, ile kali. Walikupa vidonge, wakavibadilisha, wakaviongeza. Miezi ilipita na wewe ukizidi kwenda mbali ukiwa umekaa hapo hapo kwenye kigoda. Mwishowe tukapewa rufaa kwenye ile hospitali kubwa ya mbali.

Daktari wa kule alikuwa dada kijana mwenye miwani mikubwa. Alinieleza kwamba vidonge vimeshindwa na wewe unaisha, hivyo anashauri tiba ya umeme. "Tunamlaza kwanza kwa sindano ya usingizi," alisema, "na tunampa dawa ya kulegeza misuli. Umeme ni mdogo, wa sekunde chache. Hatausikia." Nikamuuliza madhara. Hakunizungusha. "Atasahau baadhi ya mambo. Mengi hurudi, mengine huenda yasirudi. Na siwezi kukuapia kwamba atapona."

Mama Yusta, mimi nilikataa.

Hili hulikumbuki, na waliokuwepo wamenisitiri. Ningeweza kulinyamazia mpaka kufa. Lakini umeomba yote. Unajua kazi yangu ni kuchimba mashimo ya nguzo za umeme, na kwenye kazi hii nimewahi kuona mwenzetu akinaswa na waya. Nilichokiona sikukuhadithia hata ulipokuwa mzima. Daktari alipotamka umeme, mimi sikuona hospitali. Nilimwona yule mwenzetu. Nikasema mke wangu si nguzo, nikakubeba, tukapanda basi kurudi Laela.

Nyumbani nilipokelewa kama shujaa. Kaka Deus alisema, "Umefanya vizuri. Kichwa cha mtu si betri ya lori, useme imelala, unaisukumia chaji." Watu walicheka, na mimi nikacheka. Yule mzee jirani aliyewahi kufagia wodi zamani akasimulia alivyoona mgonjwa akishikwa na wanaume wanne, yuko macho, mwili unarukaruka kitandani. Mzee hakusema uongo. Alichokiona alikiona. Watu waliwahi kutendewa hivyo, na anayeogopa kwa sababu hiyo si mjinga. Kosa langu ni kwamba daktari aliniambia siku hizi wanalaza mtu usingizi kwanza, na mimi niliporudi sikuwaambia. Niliacha hadithi ya zamani ishinde kwa sababu ilikuwa inanitetea.

Ulikaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya mwisho tulikuwa tunakutilia maji kwa kijiko, na nusu yake yanarudi. Mama yako alianza kuwaita ndugu zenu wanaoishi Kaoze waje wakuone, na sote tulijua maana ya kuwaita.

Asubuhi moja nikakukuta mlangoni. Sijui ulifikaje, maana hata kugeuka kitandani tulikuwa tunakugeuza. Umekaa kizingitini, umejifunga kitenge chako cha njano, na mkononi umeshika kile cheti cha rufaa. Nilikuwa nimekitia chini ya godoro ili nisikione. Ulininyooshea. Nikakuuliza, "Unataka turudi kule?" Ukaendelea kuninyooshea mpaka nikakipokea.

Nimefanya kazi na wanaume wanaopanda nguzo ndefu bila kamba. Sijaona ushujaa kama ule. Ukoo mzima tulikuwa na midomo na hatukuwa tumesema kitu. Wewe hukuwa na sauti, na wewe ndiye uliyesema.

Tulirudi. Daktari hakunisema hata kidogo. Aliinama karibu na uso wako, akauliza, "Mama Yusta, ni wewe unayetaka tujaribu?" Ukafumba macho ukayafumbua, na midomo ikasogea. Akauliza tena, akasubiri, ndipo akaniletea karatasi ya kutia sahihi.

Walikutundikia dripu siku kadhaa, ukapata nguvu kidogo. Siku ya umeme wa kwanza hukupewa chochote tangu jana yake, ndivyo walivyoagiza. Manesi walitaka kukusukuma kwa kiti. Ukakikataa kwa mkono, ukatembea kwa kushika ukuta. Mlangoni ulivua kitenge, ukakikunja mara nne, ukanipa nikushikie. Nilikaa kwenye benchi nimekikumbatia. Nilifikiri nitasikia kelele. Sikusikia kitu ila mtu anadeki korido. Wakakutoa umelala, unapumua, umetoka udenda kidogo kama mtoto. Ulipoamka ulilalamika kichwa kwa kukishika, na hukujua uko wapi. Hilo liliniogopesha, nisikufiche.

Ya pili, ya tatu, sikuona tofauti. Nilianza kumwona kaka Deus kuwa ana akili.

Siku iliyofuata baada ya tiba ya nne, nesi alikuletea uji. Alikuwa mtu wa Pwani, mwenye maneno mengi. Alipokiweka kikombe, wewe ukainama kidogo, ukapiga makofi polepole, pa, pa, pa. Nesi akashika kiuno. "Kha! Huyu ananipigia makofi, kwani nimeimba?" Kisha uso ukambadilika, akawaambia wenzake, "Mwiteni daktari. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani amechanganyikiwa. Ni huu umeme."

Niliruka. Nilipiga kelele wodini mpaka wagonjwa wengine wakaamka. "Hajachanganyikiwa! Anakusalimu! Anakushukuru! Sisi Wafipa ndivyo tunavyosalimu!" Nikapiga makofi na mimi, nimechuchumaa sakafuni mtu mzima, machozi yananitoka, kumwonyesha. Nesi akanitazama, akakutazama. Akasema, "Basi jamani mngeniambia," akachuchumaa naye, akakupigia makofi vibaya vibaya, kama mtu anayekung'uta unga. Na wewe ukasema neno lako la kwanza baada ya miezi mingi. Ulisema, "Taratibu."

Kikao kikae kijue: kile alichokiona nesi kuwa ni kuharibika, kilikuwa ni wewe unarudi.

Lakini nisiisifu dawa kupita kiasi, maana naye Deus anasoma. Kuna vilivyokwenda. Komunyo ya kwanza ya Yusta huikumbuki, na ulimshonea gauni wewe mwenyewe. Nilikukuta umelishika, unauliza nani fundi. Yusta alilia nje. Majina ya baadhi ya majirani yalirudi baada ya miezi, na Muze hujaipata mpaka leo. Na sasa ugonjwa umeanza kuchungulia tena, kwa hiyo anayesema umeme si wa kuponya moja kwa moja ana haki ya kusema. Lakini aseme pia kwamba ndugu wa Kaoze walikuwa wakijiandaa kuja kuzika, wakaja kunywa chai uliyoipika wewe.

Miaka hii miwili umelima, umecheka, umegombana na mimi kuhusu mbuzi. Juzi wenzangu hapa kambini waliuliza mke wangu ni mtu wa namna gani. Nilisema, ni mtu aliyeingia mwenyewe mahali ambapo mimi nilikimbia.

Neno langu kwa kikao ni hili. Mara ya kwanza niliamua mimi, na nilikosea. Safari hii sauti unayo. Unayo sasa, kabla haijapungua. Ukisema ndiyo, hakuna atakayekuzuia, hata kaka yangu, ambaye nampenda na ambaye nimemwandikia hapa asome kwa mdomo wake mwenyewe. Ukisema hapana, sitakusukuma. Tutamuuliza daktari kuna njia gani nyingine, na nitakupikia uji hata ukiutema. Ila usiamue kwa kumwogopa mtu, wala kwa kunihurumia mimi.

Na nisamehe zile wiki tatu. Ukinisamehe, piga makofi hapo ulipo. Sitasikia, lakini Deus ataona.

Nimeongea na fomeni. Mashimo ya upande wetu yanaisha mwisho wa mwezi huu, na ameniruhusu. Nitashuka Laela Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, kabla ya siku uliyopangiwa na daktari. Usihangaike kunipikia. Ukiwa umeamua kwenda, jifunge kile kitenge cha njano. Nitakaa kwenye benchi nikishike.

Mumeo,
Baba Yusta