Goti la Mama na Huruma Yako

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Mama akitaka kwenda msalani mshike, asilitie uzito lile goti.

Vidonge vya kukausha uvimbe nimeondoka navyo, na usithubutu kununua vingine. Jana daktari alitueleza vizuri: wamemtoa mama damu, wakaizungusha kwenye mashine, wakachukua sehemu inayoponya na kumchoma gotini. Litavimba na kuuma, na uvimbe huo ndio tiba inavyoanza kazi. Ukiuzima, umeizima tiba. Ukaitikia mwenyewe, "Sawa, daktari." Asubuhi hii nakukuta umemsagia kidonge kwenye chai, na nusu kikombe ameshakunywa!

Si wewe uliyetulea kwa "mchelea mwana kulia hulia yeye"? Leo umemchelea mke.

Najua hukulala. Lakini kuniambia mbele ya mama, "Utajuaje wewe, hujawahi kumpenda mtu," kumenichoma. ~~Akizidiwa usinipigie simu.~~ Nipigie, hata nikiwa kazini.

Napitia kliniki kuuliza kama tumeharibu. Ikiwa ndiyo, kinachofuata ni kisu, na unajua mama anavyokiogopa.

Maumivu yakizidi mpe zile dawa nyeupe alizoandikiwa jana, ziko juu ya friji. Akivililia vile vingine, mwambie binti yake mkorofi kavificha. Anichukie mimi. Wewe kaa naye, maana mkono anaoutaka ni wako.

Kifungua mimba wenu