Barua ya Malalamiko Kuhusu Harufu

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Goti la mwanasesere limekubali. Hatimaye! Nimelichora upya kwenye kompyuta mara kumi na moja, hadi tufe likaingia kikombeni bila kukwaruza. Sasa mwanasesere wangu anakunja mguu na kutulia. Harushi teke kila ule mpira wa ndani unaoshika viungo unapovutwa. Vijana wa maonyesho ya Seoul hununua michoro ya watu wengine mtandaoni, hubadilisha pua, kisha hujiita wabunifu. Wabunifu wa pua! Kwangu umebaki mkono wa kushoto tu. Meza yangu ya maonyesho ni tarehe 18.

Jirani hakuna ajuaye. Katika jengo hili mimi ni Mwalimu Cheon, niliyeandikia watu barua rasmi miaka thelathini mbele ya ofisi ya wilaya. Mzee wa namna hiyo achapishe viungo vya wanasesere kwa mashine chumbani? Wangecheka hadi Bucheon nzima isikie. Na wangecheka kwa sarufi mbovu.

Jumatano, 8 Novemba

Amekuja Bwana Maeng, mwenyekiti wa wakazi, na karatasi iliyokunjwa kama ya kufungia samaki. Ngazi zinanuka, watu wanaumwa vichwa. Rasimu yake: “Kuna harufu mbaya sana sana sana.” Sana tatu! Huyu ndiye tuliyempigia kura.

Anasema mkosaji anajulikana: Bi Ban wa nyumba namba 502, anayepaka wateja kucha nyumbani. Mwenye nyumba wake akiletewa barua iliyogongwa mihuri ya wakazi badala ya saini, atamtoa kabla theluji haijaanguka. Kinachokosekana ni barua ya maana.

Harufu ni ya resini yangu, ile plastiki ya majimaji ambayo mashine hugandisha kuwa mwanasesere. Nilipaswa kutamka. Nikazitazama zile sana tatu — nikachukua kalamu.

Alhamisi, 9 Novemba

Waraka umekamilika. Sijaandika safi hivi tangu nistaafu. Nanakili hapa sentensi moja, isipotee: “Harufu hiyo huanza saa mbili kamili asubuhi, hudumu kwa saa saba na dakika arobaini pasipo kukatika, kisha hufuatwa na ukali wa spiriti kwa muda wa robo saa.” Maeng alisoma midomo ikichezacheza, akasifu karatasi. Karatasi!

Jina la mtu sikulitaja. Mbona wao wamekwisha kulitaja.

Jumamosi, 11 Novemba

Tumekwenda 502, watu sita, kumsomea waraka kabla haujapelekwa kwa mwenye nyumba. Maeng hukwama kwenye kila nukta, basi kusoma kukawa kwangu. Bi Ban alisimama mlangoni, barakoa kidevuni. Nyuma yake mteja kanyoosha vidole vilivyopakwa nusu.

“Sisi hatukufukuzi, dada,” alisema Maeng. “Harufu ndiyo inayokufukuza.”

Wakacheka. Mzaha wa kiwango cha sokoni. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshika waraka.

Bi Ban aliomba sentensi moja, ile ya saa na dakika, irudiwe. Niliirudia. Amepewa hadi leo kutwa — hapana, hadi Jumatatu jioni — ajibu kwa maandishi. Kosa la haraka, nalo limebaki kwa wino. Sijapata kukosea siku katika daftari hili.

Jumatatu, 13 Novemba

Saa tisa alasiri amebisha Bi Ban, na mfuko wa matunda ya persimoni. Anataka nimwandikie utetezi. Katika jengo zima nani mwingine? Wengine wote huandika kama wanaotuma oda ya kuku.

Nimemkaribisha, nikafunga mlango wa chumba chenye mashine. Nikamwonya kwamba utetezi hauandikwi kwa machozi. Akasema hana machozi, ana daftari la wateja. Kalifungua. Hakuna mteja anayekaa zaidi ya saa moja na nusu. Jumapili hapokei mtu, na Jumapili ngazi zilinuka.

Nikaandika aya mbili. Aya nzuri, hazikustahili kusomwa na Maeng. Akazisikiliza, akamenya persimoni, akanisogezea kipande.

“Mwalimu, pua yangu ilikufa miaka kumi iliyopita kwa kazi hii. Sinusi chochote, hata hapa. Lakini kuhesabu najua. Aliyeandika zile dakika arobaini alikuwa anaishi nazo.”

Nikamjibu kwamba waraka rasmi unadai usahihi.

“Basi aya ya tatu iwe na usahihi huohuo,” akasema. “Kwa maneno yako yaleyale mazuri.”

Amepanda juu kuchukua muhuri wake. Maeng anaipokea barua saa kumi na moja.

Aya ya tatu inaanza: “Mlalamikiwa anaomba itambulike kwamba chanzo cha harufu hiyo ni” — na chumbani mashine imelia, saa zake saba na dakika arobaini zimetimia. Mkono wa kushoto uko tayari. Usipooshwa sasa hivi, resini itaganda katikati ya vidole, na kuchapa upya sina chupa nyingine ya resini. Kuosha ni robo saa, na spiriti itanuka hadi ghorofa ya tisa.

Kandambili zake zinashuka ngazi. Bado sijainuka. Nimeandika “ni”, na wino wake umekwisha kukauka —