Kiti cha Mkuu Kinanimaliza Mgongo

Mpendwa mshauri, nisaidie mwenzio, nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi kitandani kwa sababu kukaa kumenishinda. Mimi ni mkuu wa idara ya madai katika kampuni ya bima, na mkuu aliyenitangulia alipostaafu aliacha kiti cha ngozi, kikubwa, chenye magurudumu, na mimi na mwenzangu tuliyeanza naye kazi, ambaye ofisi nzima inamwita Twiga kwa urefu wake, tukakitolea macho wote wawili, basi nilipopandishwa cheo mimi nikakisukuma mwenyewe hadi kwenye meza yangu, magurudumu yanalia na Twiga anatazama, naye akabaki na kakiti kake kafupi, magoti karibu yaguse kidevu.

Shida ni kwamba mimi ni mfupi. Nikiegemea, miguu inaning'inia na meza siifikii, kwa hiyo tangu nipate cheo nakaa ukingoni, mgongo umepinda kama ndoano, shingo imetangulia mbele kuifuata kompyuta, asubuhi hadi jioni, hata chakula cha mchana nakula hapo hapo. Maumivu yalianza kiunoni, yakapanda mabegani, na siku hizi mguu wa kulia unakufa ganzi. Juzi mkurugenzi aliingia, nikasimama kumsalimia, mguu ukanigomea, nikajikuta nimening'inia kwenye tai yake. Nikasingizia kizunguzungu. Twiga alitoka nje kwenda kucheka.

Lakini hilo silo lililoniliza. Wiki iliyopita nilimpeleka mama yangu zahanati kupimwa macho, muuguzi akanishika mkono mimi. "Polepole, bibi, kaa hapa." Kisha akamgeukia mama: "Mgonjwa wako anasumbuliwa na nini?" Mama alicheka mpaka akafuta machozi, ila tulipofika nyumbani alinipapasa mgongo akasema, "Mwanangu, mimi nilikuzaa umenyooka." Nikaingia chumbani nikalia. Mume wangu anasema niachane na hicho kiti. Sasa mshauri, niachane nacho Twiga akikalie? Heshima yangu itabaki wapi?

Mimi, Mkuu wa Madai

JIBU

Mkuu, pole sana. Kwenye tai nimecheka, sikufichi. Nimemaliza, sasa tuzungumze.

Aliyepandishwa cheo ni wewe, si kiti. Unaniuliza heshima itabaki wapi, dada yangu, kwani sasa hivi iko wapi? Bosi anayebembea kama nguo kwenye kamba hatishi mtu. Na huyo Twiga unayeshindana naye anateseka vilevile, amejikunja kwenye kiti cha kimo chako huku wewe umepotelea kwenye kiti cha kimo chake. Watu wazima wawili mnaumizana kwa fanicha!

Maumivu hayo hayakuja kwa siku moja. Ukijikunja kutwa, misuli ya shingo na kiuno inabeba mzigo usio wake, inachoka, inalegea, na pingili za mgongo zinabanwa. Endelea hivyo miaka, na maumivu yatahamia kabisa. Tena ukiganda kitini bila kuinuka, si mgongo tu unaoumia, hata moyo na sukari ya mwili havipendi. Ganzi ya mguu ndiyo usiifanyie mchezo: nenda kwa daktari wiki hii, na safari hii mwache mama akupeleke wewe.

Jumatatu asubuhi, watu wote wakiwepo, kisukume kiti hadi kwa Twiga. Mwambie, "Kaka, hiki ni saizi yako, nipe hicho changu." Hotuba usitoe. Akicheka, cheka naye, maana ukinuna atacheka mwezi mzima. Ukishakaa, nyayo zitue zote sakafuni, kiuno kiegemee, na kompyuta uiinue ikutazame machoni, badala ya wewe kuiinamia. Kila baada ya nusu saa simama, tembea, kamsumbue mtu wa idara nyingine. Chakula ukale nje, na watu.

Na sasa hivi unaposoma hapa, najua kabisa shingo yako iko wapi. Irudishe.