Gunia Nisiloonja

Baba Nekesa,

Usicheke. Ungecheka ungeniona nimekaa kwenye chumba chako cha pampu, nimevaa glavu zako za mpira zinazonipwaya, nimeivua ya kulia tu ili nishike kalamu ya Nekesa. Nakuandikia wewe kwa sababu kuna jambo limeninyima usingizi, na nikimwambia mtu mwingine ataniuliza kama nimepagawa.

Unajua hapa klabuni mimi nilikuwa wa taulo tu. Kufua, kuanika, kukunja, na kukugombeza wewe. Tuliporudi kutoka Bungoma kukuzika, Bwana Muthoka, mwenye klabu, aliniita ofisini kwake, akanipa pole. Kisha akaniambia nijaribu kazi yako ya bwawa, maana nimekuona ukiifanya miaka yote. Ila akanionya. Ile mashine ya klorini aliyorudi nayo kutoka Australia haina ndugu hapa Kenya, na ikifia mikononi mwangu ataita kampuni ya mjini ije na poda yake, na kile chumba chetu nyuma ya klabu watakaa watu wao. Nikasema sawa, Bwana. Siku hizo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Nilimfikiria Nekesa tu, na vile ulivyoapa kwamba atasoma hapa hapa Buruburu mpaka amalize.

Wiki chache mambo yalikwenda. Halafu ile taa ya kijani ikaanza kupepesa, ikawa nyekundu.

Nikafungua figo. Bwana Muthoka huiita seli, lakini wewe uliiita figo na mimi siwezi kuiita jina lingine. Unalijua lile bomba la plastiki linaloonyesha ndani, na yale mabamba membamba yaliyopangwa kama mkate wa slesi, umeme ukipita hapo chumvi ya majini inageuka klorini. Basi mabamba sikuyaona. Ukoko mweupe ulikuwa umeyafunika yote, mgumu kama ule wa ndani ya birika kuukuu.

Nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Nikazima swichi kubwa, nikazima pampu, nikafunga koki zote mbili, kisha nikarudi kugusa kila kimoja tena kwa sababu mkono wangu siuamini. Maji ndooni kwanza, asidi baadaye. Nilikusikia kabisa sikioni: "Asidi ndiyo mgeni, Mama Nekesa. Mgeni ndiye huingia kwa mwenyeji." Mlango wazi, uso kando. Figo ikatoa mapovu kama soda iliyotikiswa, nikangoja yakaisha, nikaisuuza, nikairudisha. Taa ikawa kijani. Nikapiga magoti pale pale kwenye simenti yenye maji.

Jumapili haikufika. Nyekundu tena.

Nikaosha mara ya pili. Ikarudi nyekundu. Wewe ulikuwa ukiifungua mvua za masika zikiisha, na tena Krismasi ikikaribia, basi. Mimi nilikuwa naifungua kama kifuniko cha sufuria. Na kila nikiitumbukiza nakumbuka ulivyoniambia, asidi huosha huku ikila. Maji yenyewe yakaanza kuwa kama yametiwa maziwa. Watoto wakatoka wakifikicha macho, mwalimu wao wa kuogelea akawa ananitazama kwa jicho la pembe. Bwana Muthoka akapita, akasimama ukingoni mikono nyuma, akasema Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kuiangalia mashine mwenyewe. Tangu hapo chakula kikawa hakipiti. Nekesa akaniambia, Mama, siku hizi unaongea na sahani.

Ndugu yako Wanyonyi alikuja kuniona, akatazama ule ukoko, akasema tuukwangue kwa kisu, chuma ni chuma. Nilimpokonya kisu kwa ukali mpaka akarudi nyuma. Kwani hajui yale mabamba yamepakwa kitu chembamba juu, na hicho ndicho kinachofanya kazi, ukikikwangua umeua? Baadaye niliona aibu. Shemeji ametubeba sana tangu uondoke. Hata chumvi ya bwawa sasa ni yeye huenda kunitafutia sokoni Gikomba, na gunia la mwisho alilileta kwa mgongo wake mwenyewe.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Unakumbuka nilivyokuwa nakusema kila asubuhi? Unachota maji ya bwawa kwa kiganja, unaonja, na mimi nimebeba kikapu cha taulo nakuambia, "Baba Nekesa, huo ni mkojo wa watoto wa Buruburu nzima." Na wewe bila haya unalamba midomo. "Onja kwanza. Yawe kama machozi, yasizidi." Hata gunia la chumvi, hukulimwaga kabla hujatia kidole. Mimi tangu ufe sikuwa nimeonja kitu. Si kwa ajili ya uchafu. Nilikuwa naona nikionja ndiyo nimekubali kwamba hutarudi tena.

Jumanne nilikuwa nimechoka kabisa. Lile gunia la Wanyonyi lilikuwa limebaki na mabaki kwenye pembe. Nikatazama mlango kama mwizi, nikatia kidole, nikaweka ulimini.

Haikuwa chumvi.

Yalikuwa magadi, Baba Nekesa! Mimi, binti wa Kiluhya, niliyelainisha mrenda na kunde kwa magadi tangu nikiwa msichana mdogo, nimemwaga gunia zima la magadi kwenye bwawa la watu nikingoja ligeuke klorini. Bwawa zima nimelipika kama mboga. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa chini kicheko kikageuka kikawa kile kilio ambacho sikukilia kaburini kwako. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu, nilikuwa naogopa tu kuanza.

Nilipomuuliza shemeji akashika kichwa. Kumbe alikuta magunia mawili yamefunguliwa sako kwa bako, yote meupe yenye vumbi, akaonyesha moja kwa kidole, muuzaji akafunga. Sikumlaumu. Angeonja nani, kama mimi mwenyewe sikuonja?

Lakini sasa nilijua. Magadi ndiyo yaliyokuwa yakiyafanya maji kuwa maziwa na kuganda kwenye mabamba. Ningeosha figo mpaka Yesu arudi. Nikamwambia mwalimu afunge bwawa. Nikafungulia karibu nusu ya maji yaende, na moyo uliniuma, maana huku mtaani mgao wa maji umetubana na kina mama wamepanga mitungi tangu alfajiri. Nikawaita wachote kwanza ya kupigia deki. Kisima cha klabu kikalijaza polepole, mimi nikitia asidi kidogo kidogo kuua magadi yaliyobaki, nikingoja, nikitia tena. Gikomba nilikwenda mwenyewe na Wanyonyi, nikaonja mbele ya yule muuzaji, akaniangalia kama mwendawazimu. Nikarudi, nikaiosha figo mara ya mwisho. Bamba moja limebabuka pembeni. Nimelitazama mara nyingi nikitumaini ni kivuli. Si kivuli.

Jumamosi Bwana Muthoka akaja. Taa ilikuwa kijani, nami nimesimama kando ndani ya gambuti zako. Akainama, akatazama ndani ya bomba, akaona vile viputo vidogo vinavyopanda kama moshi. Akauliza ilikuwa nini. Ningeweza kusema ni umeme. Nikamwambia ni magadi, nikamwonyesha na lile bamba. Akainama tena, akalitazama. Nilisikia pampu, na mtoto fulani akililia soda nje. Halafu akauliza nilijuaje.

Nikamwambia nilionja.

Akanitazama, na naapa alikukumbuka, maana alitazama ule msumari ulipokuwa ukitundika koti lako. Akasema, "Basi endelea kuonja." Akatoka.

Nimekaa juu ya gunia la chumvi tangu aondoke. Nekesa ananiita nikale, nitakwenda.

Hofu haijaniisha, mume wangu, sitakudanganya. Sijui lile bamba litavumilia mpaka lini, na nikisikia pampu ikikohoa kidogo tu nasimama. Lakini nakuahidi hakuna gunia litakalomwagwa hapa kabla halijapita kwenye ulimi wangu, na Nekesa atamaliza shule akitokea kwenye kile chumba chetu. Wewe lala sasa. Kazi hii niachie.

Maji nimeyaonja pia kabla ya kushika kalamu. Mara ya kwanza nilishindwa kujua ile chumvi ni ya bwawa au ni ya uso wangu, ikabidi nikanawe kwenye bomba, nirudi, nichote tena. Yako sawa, Baba Nekesa. Hayajazidi.

Mimi wako,
Mama Nekesa