Picha ya Mtu Aliyefunika Uso

Mshauri mpendwa, nisikilize kabla sijabadili mawazo: kwa miaka thelathini na miwili niliwafundisha watoto wa watu habari za mji mmoja wa jangwani, mji uliokaa juu mita elfu tatu na mia sita, nikiwaambia niliishi huko miezi mitatu, na ukweli nilioufungia kifuani ni kwamba sijawahi kuukanyaga.

Somo lenyewe lilikuwa maarufu. Kila mwaka niliingia darasani na birika, kipimajoto na mfuko wa maharage, nikawaeleza kwamba kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwamba maharage yaliyotiwa jikoni asubuhi yalikuwa bado yanagonga meno jioni, kwamba hewa ni nyembamba hata kufunga kamba za viatu ni kazi ya kupumzikia katikati, kwamba juani unababuka na ukiingia kivulini unatetemeka, kisha mwisho nilitoa picha ya mtu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, koti zito, skafu imemfunika uso kwa sababu ya vumbi, macho tu ndiyo yanaonekana, nami nikasema, "Huyo ndiye mwalimu wenu." Wakaniita Mwalimu Kilele na jina halijanitoka mpaka leo. Yote hayo niliyapata kwenye daftari la mtu mmoja aliyekwenda kweli.

Sasa nina miaka themanini na mmoja, moyo umechoka, na barua hii naiandika kwa vituo, mistari michache kisha napumzika. Mjukuu wangu wa kike, ambaye alisomea upimaji ardhi kwa ajili ya hadithi zangu, amepanga safari ya familia ya "kumrudisha Babu." Ratiba ameibandika kwenye mlango wa friji: siku mbili kwenye mji wa chini ya mlima ili mwili uzoee, siku ya tatu kupanda kwa basi, maji lita tatu kila mtu, marufuku kukimbia, mafuta ya midomo, soksi za sufu. Ile picha ameikuza ikawa kubwa kama trei, anataka nisimame palepale ukutani nipigwe nyingine. Mke wangu amesema yeye atabaki kuangalia nyumba.

Tegemeo langu lilikuwa daktari anikatalie. Lakini daktari naye nilimfundisha. Alisikiliza moyo wangu, akausikiliza tena, kisha akasema, "Mwalimu, mtu mwingine mwenye moyo huu ningemkataza hata ngazi za ghorofa. Ila wewe uliishi kule miezi mitatu hata kichwa hakikukuuma, ulituambia mwenyewe. Mwili wako unaijua ile hewa. Nenda, lakini polepole." Akatia sahihi.

Tiketi zimekatwa, zimebaki wiki tatu. Nikisema ukweli, namvunja moyo mtoto aliyejenga maisha yake juu ya maneno yangu. Nikinyamaza, nakwenda kufia kwenye ukuta ambao sijawahi kuuona. Na mke wangu ananimiminia chai, ananiuliza kama soksi zinanitosha. Nifanyeje?

Mwalimu Kilele


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, shikamoo. Salamu za heshima zimeishia hapo; sasa kaa vizuri nikugombeze.

Wewe uliyewafundisha watu kwamba hewa ya juu haina mzaha, leo unataka kuipelekea moyo uliochakaa ili hadithi isitoboke? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika nusu karne, hongera, ila sasa inapanda mlima na wewe huna pumzi. Na huyo daktari wako arudi darasani: moyo haupimwi kwa simulizi.

Nakuhurumia, mzee wangu. Aibu ya uzeeni inauma kuliko ya ujanani, kwa sababu muda wa kuifuta ni mdogo. Lakini wanafunzi wako hukuwadanganya kuhusu jua wala kipimajoto. Kilichoibwa ni safari ya mtu, na hapo ndipo barua yako iliponikera. "Mtu mmoja." Mtu mmoja gani? Umenihesabia mpaka soksi, halafu aliyekupa somo la maisha yako umempa maneno mawili! Kwa nini ulidanganya, pia hukusema. Na huyo mama anayekumiminia chai ameishi na uongo huu miaka yote. Umewahi kumuuliza yeye anataka nini?

Kesho asubuhi rudi kwa daktari, mwambie kwa kinywa chako kwamba hujawahi kupanda huko. Usimtume mtu. Kisha waite wote mezani mchana, wakiwa wameshiba, weka hiyo picha katikati, sema aliyemo ni nani. Usianze na "mnajua, zamani zile." Anza na mtu mwenyewe. Na safari usiivunje! Nafasi yako mpe mwenye haki nayo. Ukimaliza niandikie, na mara hii usibakize kitu.


MWALIMU ANAANDIKA TENA

Marahaba, mwanangu. Nimetii.

Daktari aliichana karatasi yake huku jasho likimtoka, akaniita jina ambalo sikumfundisha mimi. Jumapili, baada ya chakula, mjukuu aliweka picha mezani, nami nikasema, "Aliyemo humo ni bibi yako."

Mjukuu aliitazama picha, akamtazama bibi yake, akachukua kitambaa cha meza akamfunika pua na mdomo. Macho yalikuwa yaleyale.

"Bibi! Ni wewe?"

"Nani mwingine?" alisema mke wangu kutoka ndani ya kitambaa. "Babu yako huyu anayeogopa kupanda kiti kubadili balbu?"

"Na umenyamaza miaka yote hii?"

"Nilirudi, nikafundisha mwaka mmoja, nikajifungua mama yako, madarasa yangu wakampa yeye. Nami nikampa daftari. Siku moja akaja kuniambia mwanafunzi kamuuliza kama alikwenda kweli, naye kajibu ndiyo. Nikamwambia, basi angalau nifundishie vizuri." Akakiondoa kitambaa, akanigeukia. "Wala hukufundisha vizuri, mzee. Maharage yaliiva! Yalitaka kulowekwa siku nzima, basi. Ukurasa wa pili wa daftari, hukuufunua. Zaidi ya miaka hamsini nasubiri ukiri kwamba hukwenda, ili nikusahihishe."

"Babu," mjukuu akasema, "kumbe hata kuiba umeiba nusu!"

Tulicheka mpaka nikaletewa kidonge. Nilidhani nitamvunja moyo yule binti. Kumbe alikuwa ameshahamia kiti cha pili, ubavuni kwa bibi yake, anauliza ule ukuta unatazama upande gani.

Daktari amempima mke wangu, safari hii bila kusikiliza hadithi ya mtu. Ana miaka sabini na minane na mapafu ambayo daktari mwenyewe anayatamani. Tiketi yangu imebadilishwa, sasa ina jina lake. Ratiba ameibandua kwenye friji, siku mbili za kuzoea hewa amezifuta akaandika tatu, ameongeza miwani ya jua, na anamwamrisha mjukuu kama karani wake. Jana alilivaa koti mbele ya kioo, akajifunga skafu mpaka machoni, akajitazama, kisha akaishusha mpaka shingoni.

"Mara hii," alisema, "napigwa picha uso wazi."

Mimi ndiye nitakayebaki kuangalia nyumba. Kama moyo utasubiri warudi, sijui; kwa sasa unadunda kama wa bwana harusi.

Uliniuliza kwa nini nilidanganya, ukaniagiza nisibakize kitu. Lichapishe na hili, wanafunzi wangu walisome. Nafasi ya mwalimu kwenda kule miezi mitatu ilikuwa moja, na tuliifanyia mtihani watu wawili, mimi na yeye, tukiwa bado wachumba, chumba kimoja, maswali yaleyale. Mwenzangu alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa pili.