Jina Lako Katika Sanduku la Sista Milly

Nabuyonga,
Mbale.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Ramlah,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Maskati? Mgongo wako unaendeleaje, au bado unainua mandoo ya maji kama mtu asiye na mifupa? Sisi huku ni wazima kwa uwezo wa Mungu. Mvua inanyesha kila alasiri, matope yamefika mlangoni, na wifi yako Twaibah ananigombeza mimi utadhani mvua nimeileta kwa baiskeli. Mama yuko kule kule Wanyange na samaki wake wa kukaanga. Magoti yanamuuma lakini ulimi hauna ugonjwa.

Barua hii anakuletea Khadija, binti wa jirani wa Mama, anayefanya kazi huko huko Maskati. Alikuja Jinja likizo mwezi uliopita, akatuambia alikuona Idi kubwa, kwamba u mzima ila mama wa nyumba unayofanyia kazi amekunyang'anya simu. Tulipumua kidogo. Namba yako tumeipiga tangu Ramadhani mpaka kidole kimeota sugu.

Sasa nikueleze habari za binti yako. Zaituni amekua, viatu ulivyomwachia havimwingii tena, na jino la mbele limeng'oka. Yuko darasa la kwanza kwa masista, kama ulivyoagiza mwenyewe siku ile ya kuondoka. Nakumbuka ulisema pale walimu hawakosi darasani. Ni kweli hawakosi. Lakini, dada yangu, yanayofundishwa pale yananichanganya kichwa, na mimi ni mtu niliyezoea minyororo na spoku za baiskeli.

Nilidhani darasa la kwanza ni a, e, i, o, u na moja jumlisha moja. Kumbe wapi! Wiki moja analeta wimbo wa kunawa mikono, nusu Kiingereza nusu Kimasaba, na mimi natakiwa niimbe naye. Wiki nyingine ameambiwa kila mtu nyumbani aombe samahani kabla ya chakula. Nikaomba samahani kwa kosa nisilolijua, Twaibah akacheka mpaka akapaliwa. Mezani anasema bismillahi, halafu mkono unapanda kwenye paji la uso na kushuka kifuani, bega hili na bega lile. Nikimtazama, anasema mkono umezoea.

Siku moja akaniambia Sista amewafundisha kwamba kila mtoto ana malaika wake wa kumlinda. Nikamwambia sisi tunao wawili wa kuandika matendo, mmoja bega la kulia, mmoja la kushoto. Akafikiri, akauliza, "Sasa ule ya Sista itasimama wapi?" Nilikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa. Akavuta ndevu, akasema atanijibu baada ya Ijumaa. Ijumaa tatu zimepita.

Haya yote ni ya kucheka, na ningekuandikia hayo tu. Lakini kuna jambo la Jumanne iliyopita ambalo mpaka sasa sijui nilibebe vipi.

Nilikuwa kibandani kwangu kule mtaa wa Industrial, nimeshika tairi la mteja, nikamwona Sista Milly anakuja, anaruka madimbwi, na kilo mbili za sukari mkononi. Ndiye mwalimu wa Zaituni. Hakuwahi kuja kazini kwangu kabla ya hapo. Akanishika mkono na mafuta yake yote, akasema, "Bwana Wahab, pole sana. Tumesikia umepoteza dada. Watoto yote ya darasa wameombea yeye asubuhi."

Ramlah, wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi mshindo wangu ndio huo. Nilikaa chini kwenye matope. Nikajua umekufa, na habari zimefika shuleni kabla ya kufika kwangu. Khadija alikuona mwezi wa sita, na tangu mwezi wa sita mpaka leo mengi hutokea. Sikuuliza swali. Nililia mbele ya wateja, mimi niliyekukataza wewe kulia siku ya kuondoka. Watu wa vibanda vya jirani wakaacha kazi, wakaanza kuulizana mazishi yatakuwa wapi.

Sista alipoona hali yangu, naye akachanganyikiwa. Akauliza, "Kwani wewe ulikuwa hujui?" Ndipo akatoa kikaratasi mfukoni. Kumbe mwezi huu Wakatoliki wanawaombea marehemu wao. Darasani ameweka sanduku la maboksi lililobandikwa karatasi za rangi, na kila mtoto anaandika jina la mtu wa kwao aliyefariki, analitumbukiza humo. Sisi pia tunawaombea maiti wetu, kwa hiyo sanduku lenyewe halikunikera. Lakini kile kikaratasi kilikuwa cha Zaituni, na juu yake, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima, kumeandikwa MAMA RAMLAH.

Nilifunga kibanda, nikaenda nyumbani mbio. Nikampigia Mama, naye akampigia Khadija, Khadija akamtafuta mwenzake anayefanya kazi mtaa wenu. Saa kumi jibu likaja: alikuona asubuhi ile ile unaanika mashuka. Sijawahi kuyapenda mashuka ya watu kiasi hicho.

Jioni nikamketisha mtoto. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nikamuuliza nani alimwambia mama yake amekufa.

"Hakuna mtu," akasema. "Mama hapana kufa."

"Sasa mbona umemwandika na wafu?"

"Anko, Sista alisema watu ya kwa sanduku, siku moja tutawaona tena. Watu ya inje ya sanduku hakusema."

Twaibah akaondoka akaenda kusimama jikoni bila kupika kitu.

Sikiliza nikwambie kosa langu, maana lipo. Kila Ijumaa, tangu simu yako ilipokatika, nimekuwa nikimwambia, "Mama amekusalimia." Nilidhani namtuliza. Jioni ile akaniambia, "Wewe unasemanga tu amenisalimia. Simu yako mimi naangalianga, haina jina ya Mama." Mtoto wa miaka sita! Wamemfundisha kusoma, akaanza na uongo wangu.

Sista yuko tayari kukitoa kikaratasi, lakini hataki kukitoa kwa siri. Anataka Zaituni akubali mwenyewe, na Zaituni amekataa katakata. Mimi sijui nisimame upande gani. Wewe dada yangu uliye hai unaombewa pamoja na wafu, tena na watoto hamsini wasiokujua, na ninayetaka kumzuia ndiye anayekupenda kuliko wote. Nimegonga meza, nimebembeleza, nimenunua maandazi. Wapi.

Ijumaa ya tarehe 28 masista watayapeleka majina yote kanisani, kisha wayachome. Zaituni ametoa sharti moja tu: akisikia sauti yako kabla ya siku hiyo, atalitoa mwenyewe. Khadija anasafiri Jumanne hii. Amekubali akuazime simu yake, hata kwa dakika mbili, hata ukiwa umetumwa mkate dukani. Mtoto anarudi kutoka shule saa saba, nami saa hizo nitakuwa nyumbani kila siku, kazi ingoje. Ukilia, lia. Usizungumze maneno ya kupanga. Kama kazi imekuwa kifungo, sema, tutatafuta njia ya kukurudisha, na hakuna atakayekuuliza umeleta nini.

Mama anakusalimu, anasema ule, ulale, na usisahau kuswali. Twaibah anakusalimu sana, sukari ya rambirambi ameiweka kabatini na anakataa kuigusa. Baba mdogo Marjan naye anakusalimu na anakuombea. Salamu za Zaituni sikuzipata. Nilipomwomba, alikataa kunipa. Amesema hizo atakupa wewe mwenyewe.

Mungu akulinde katika nyumba za watu, akufungulie mlango.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ninapokukasirikia,
Wahab