Blogu ya Munene Imefika kwa Mama Mkwe

Karimi, wacha hiyo kazi usome. Munene amejimaliza!

Si unajua blogu yake haisomwi na mtu? Basi juzi akaenda kwa Nyaga, yule wa saiba, duka la intaneti pale Gakoromone, amfunze kuiboresha. Ati aandike mambo aliyopitia mwenyewe, kichwa kiwe kikali, aweke picha, amalizie na swali kwa wasomaji.

Munene akafuata yote. YOTE!

Kichwa: "Mukimo Mbaya Kuliko Yote Niliyowahi Kula." Ni ile siku ya 1997 alienda Mitunguu kumposa mkewe Ruguru. Ati huo mseto wa viazi na mahindi ulikuwa mgumu kama simiti, alimeza tu ndio apewe msichana. Na picha? Mama mkwe mwenyewe, ameshika mwiko!

Swali: "Na wewe, nani alikupikia vibaya?"

Hebu fikiria nani alikuwa wa kwanza kujibu. Mama mkwe! "Mpishi ni mimi. Msichana amerudi hapa asubuhi, amekula mukimo akashiba. Wewe kuja uchukue kondoo zako za mahari."

Sasa Munene anaangalia simu tu, chai imepoa. Nyaga anamwambia bado kuna ushauri mmoja: jibu kila msomaji.

Haya, si ajibu!